Mkahawa wa Chipsi Uwe Duka

Mtaani kwetu hapa Nairobi mkahawa wa chipsi umefungwa, na mwenye jengo anatafuta mpangaji. Rai yangu ni kuwa pafunguliwe duka la rejareja. Chipsi ni tamaa ya siku moja. Unga, sabuni na mafuta ya kupima ni haja ya kila siku, na mwenye duka humjua jirani anayestahili kukopeshwa hadi mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, kubadilisha kibao hakutoshi. Mafuta na masizi yakwanguliwe ukutani, la sivyo mende wataufikia unga kabla ya mnunuzi. Leseni, ambayo tangu 2013 hutolewa na serikali ya kaunti, iwe ya biashara hiyo mpya. Mwenye jengo naye asipandishe kodi kabla duka halijasimama. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ndicho chakula cha mnyonge.