Tusipakie haya yetu mu mashua

Kila mwaka, wakati kiangazi inaanza, tunaona tena familia zinahama kambi. Baba amemaliza kazi, ao kontra imekwisha, na nyumba ya kampuni inapashwa kurudishwa. Watu wa Kikondja, wa Malemba-Nkulu, wa Mulongo na wa Ankoro wanashuka mpaka Bukama, kwa treni ao kwa lori, na pale wanatafuta mashua ya kuwapeleka kwao. Reli ilifika Bukama mu 1918. Toka ile wakati, njia ya mufanyakazi wa shaba kurudi upande ule ni hiyo: chuma mpaka Bukama, kisha maji. Kati ya Bukama na Kongolo, Lualaba inapitisha mashua kwa zaidi ya kilomita 600.

Leo tunataka kusema juu ya vitu tunavyopakia mu ile mashua. Tunaona tunapakia vibaya, na sababu yake si ujinga. Sababu ni haya.

Mwaka uliopita tulisindikiza jirani wetu mumoja, muzee aliyefanya kazi miaka 31. Nyumba yake ya vyumba vitatu ilikuwa imejaa: fotei nne kubwa, bifee ya vioo, frigo, televizio mbili, kitanda cha chuma, magodoro, masanduku ya nguo, na mashini ya kushona ya mama. Muzee hakutaka kuacha hata kimoja. Alituuliza: "Miaka 31 mu vumbi, kisha nifike kwetu mikono mitupu?" Hatukuwa na jibu.

Ku kivuko cha Bukama, mwenye mashua alizunguka ule mulima wa vitu mara mbili, akasema bei yake. Bei ilipita makuta yenye ilibaki mu mufuko. Basi pale pale, mbele ya saa moja kupita, waliuza mashini ya kushona kwa robo ya bei yake, juu ya kulipa nafasi ya frigo.

Kwao hakuna umeme. Watoto wake wanatuambia ile frigo iko mpaka leo: wanaweka mahindi ndani, panya wasiikule. Na mama, mwenye alikuwa anashonea watoto wa kambi nguo za shule, leo hana kazi ya mikono yake.

Sisi hatumuchekee ule muzee. Mu kambi, kampuni ilikuwa inatoa nyumba, posho, hospitali na shule. Kati ya hivyo vyote, hakuna hata kimoja mutu anaweza kubeba ku kichwa siku ya kutoka. Chenye kinabaki cha kuonyesha watu ni fotei na frigo. Ndiyo maana tunavikamata kwa nguvu, hata kama havina tena kazi. Tunabeba ushahidi kama tulifanya kazi.

Lakini mashua haijui ushahidi. Mashua inajua uzito tu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua yenye ilitoka Minova ilizama mu Ziwa Kivu, mbele ya kivuko cha Kituku, pale Goma. Watu mingi walikufa. Ilikuwa imepakia watu kupita kipimo. Mu Lualaba pia zile mashua za mbao zinajazwa mpaka maji inakaribia ukingo. Kitu kizito chenye kuwekwa juu, kama frigo yenye kusimama, kinayumbisha mashua kuliko magunia yenye kulala chini. Na fotei moja inakula nafasi ya watu wawili. Hawa watu wawili hawabaki ku kivuko: wanapanda tu, wanakaa juu ya mizigo. Kwa hiyo vitu vya familia moja ni shauri la watu wote wenye kuwa mu mashua.

Tunaweza kujifunza kwa wavuvi wa maziwa ya Upemba na Kisale. Kuna wenye wanajenga nyumba juu ya visiwa vya mafunjo vyenye kuelea. Mutu mwenye kulala juu ya maji anajua hesabu: kila kitu chenye kuingia nyumbani kinapashwa kuwa na kazi. Yeye hatamuuliza jirani wake kama ana bifee. Atamuuliza kama ana wavu.

Basi tufanye namna gani? Tunaona mambo ine.

Kwanza, tuanze mapema. Kama tunajua kazi itakwisha mwezi wa sita, tuanze kupunguza vitu mwezi wa tatu. Mutu mwenye kuuza siku ya mwisho hauze, anatupa. Mununuzi anaona lori mbele ya mulango na anasema bei yenye anataka. Tukumbuke 2003: mu ile départs volontaires, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Wakati jirani kumi wanauza fotei juma moja, fotei haina bei tena.

Pili, tutoe vitu vyote inje, mu lupango, na tuvigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vya kazi: mashini ya kushona, majembe, misumeno, nyundo, nyavu. Hivyo haviuzwe, hata kama transport inakosa makuta. La pili ni vitu vya kula na kulala: vyungu, magodoro, mablanketi, chandarua, dawa. La tatu ni vitu vya kuonyesha watu. Kila mutu wa nyumba achague kimoja mu lile fungu la tatu, chenye mutu anaweza kubeba kwa mukono mumoja: picha ya ndoa, kofia ya mugodi, radio. Vyenye kubaki, viuzwe ao vitolewe.

Tatu, mama ndiye aanze kuchagua. Baba anajua kila kitu kilinunuliwa bei gani. Mama anajua kila kitu kinaleta nini. Hizi ni hesabu mbili mbalimbali, na siku ya kuhama ile ya mama ndiyo ya kweli. Kama ule jirani wetu angemuuliza bibi yake mbele ya kufika Bukama, frigo ndiyo ingebaki.

Ine, karatasi. Ushahidi wa kweli wa miaka 31 hauna hata kilo moja: kontra, bulletins de paie, certificat ya mwisho wa kazi, karatasi za CNSS, actes de naissance, bulletins za shule za watoto. Tuzifunge mu plastiki mbili, na mutu mumoja mukubwa azifunge ku mwili wake, si mu sanduku. Copie ibaki kwa ndugu mu muji. Frigo ikianguka mu maji, tutalia siku mbili. Karatasi zikianguka, tutatafuta pansioni miaka mingi.

Kuna wenye watasema: "Hivi vitu ni urithi wa watoto." Vizuri. Basi tuwapatie watoto sasa. Frigo kwa binti mwenye kuuza maji baridi pale Kolwezi inazaa makuta kila siku. Ile ile frigo ku Mulongo inalala. Wengine watasema kampuni ndiyo inatufukuza mbio. Hapo tunakubali: familia yenye kukaa mu nyumba miaka makumi inapashwa kupewa miezi ya kutoka, si majuma. Tuombe hivyo, na syndicats ziombe pamoja na sisi. Lakini tusingojee jibu juu ya kuanza kazi yetu.

Neno la mwisho ni la ndugu zetu wenye kubaki ku muji ya wazee. Ninyi pia munatupakia. Wakati mwana anarudi, munasimama ku kivuko na munahesabu magunia. Tunawaona toka mbali, na ni juu ya ile macho yenu tunalipa nafasi ya fotei. Mutusaidie. Mutayarishe shamba kidogo, mahali pa kulala, mutu wa kupokea watoto. Na mashua ikifika, musiulize kwanza tumeleta nini. Muulize kama tumefika wote.