Mwizi wa Simu Naye Apigiwe Ukelele

Ndugu Wanachama,

Mwizi akionekana usiku katika shamba la mtu na gunia la karafuu mbichi, hapana asiyejua la kufanya. Ukelele hupigwa, majirani hutoka, na kabla ya alfajiri sheha keshapata habari. Lakini msimu uliopita mwenzetu mmoja, mzee wa kuheshimiwa, aliibiwa fedha zake za karafuu kwa njia ya simu, akakaa kimya wiki mbili. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Bwana Katibu, naona haya. Watu watanicheka."

Haya hiyo ndiyo inayomlinda mwizi. Angalisema saa ile ile, huenda kampuni ya simu ingaliwahi kuzuia fedha kabla hazijatolewa kwa wakala. Baada ya wiki mbili zimekwisha liwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alipigiwa na mtu mwenye ulimi mtamu, aliyejitaja kuwa mtumishi wa kampuni, akamsomea jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake. Mzee akaamini, akatoa namba ya siri. Basi ijulikane kuwa namba ya siri haipewi mtu, wala zile tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe, hata anayeuliza akijua jina la bibi yako. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" tumekwisha uzoea. Wa kuogopwa ni huyu anayekujua.

Kidole nacho chaibiwa. Msajili wa laini barabarani aweza kukwambia, "Weka tena, haijasoma," kumbe anaandikisha laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikimtapeli mtu Tanga, atakayetafutwa ni wewe. Bonyezeni *106# mtazame namba zilizoandikwa kwa majina yenu. Usiyoitambua, nenda dukani kwa kampuni ikafutwe.

Aliyeibiwa na aipigie kampuni mara moja, asifute ujumbe wowote, kisha aende kituo cha polisi. Ujumbe wa utapeli upelekwe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yamkataza mtu kujifanya mwingine kwa njia hizi, lakini polisi hawawezi kumtafuta mwizi ambaye hawakuambiwa habari zake.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu wenyewe. Orodha ya wanachama, yenye majina, simu na namba za vitambulisho, ilibandikwa ukutani ghalani msimu mzima, na kila apitaye aliweza kuipiga picha. Mimi ndiye niliyeibandika. Nimekwisha iondoa, na katika mkutano ujao nitaiomba Kamati iamue kwamba ukutani yabaki majina matupu, na mengine yawekwe kabatini chini ya ufunguo. Wapo wanaosema kuwa tunajisumbua bure. Waje na hoja zao. Mzee wetu amekubali kukaa mbele na kueleza mwenyewe yaliyompata.

Katibu