Mshenga wa Jalalani

Juma hili twazungumza habari ya chupa tupu ya maji, ile ya plastiki iliyotupwa njiani. Je, yaweza kusaidia kuwasha taa? Wataalamu wa nchi mbalimbali walijaribu jambo hilo.

Kwanza mtambo wenyewe, uitwao seli ya fueli. Mwaka 1839 Bwana William Grove, mtu wa Wales, alionyesha kwamba gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, zikikutanishwa hutoa umeme, na kinachobaki ni maji tu. Hakuna moshi. Wanaanga wa Apollo 11, waliofika mwezini mwaka 1969, walipata umeme kwa njia hiyo, na maji yake wakayanywa!

Lakini gesi hizo hazipatani upesi. Lazima awepo mshenga. Mshenga huwakutanisha wawili, kisha hurudi kwake, yeye haoi. Katika mtambo huu mshenga ni platini, madini yatokayo zaidi Afrika Kusini, tena ghali mno. Hii ni sababu moja ya mtambo huu kutofika katika zahanati zetu.

Mwaka 1964 Bwana Raoul Jasinski alieleza mshenga mwingine, mwenye kobalti. Baadaye ikaonekana kwamba hata chuma, naitrojeni na kaboni zikipikwa pamoja zaweza kazi ya upande wa oksijeni, ndio mgumu. Na kaboni imejaa jalalani: katika kilo 1 ya chupa hizo, zaidi ya gramu 600 ni kaboni.

Wachoma mkaa watafahamu. Gogo lililofunikwa udongo halipati hewa ya kutosha, basi haliwi majivu, huwa mkaa. Vivyo hivyo plastiki hupashwa moto mkali katika chombo kisichoingiza hewa, pamoja na chumvi za chuma na kitu chenye naitrojeni, kama urea, ile ile ya mbolea. Hutoka unga mweusi, nao hupakwa mahali oksijeni inapopita.

Taabu ipo. Penye maji ya namna ya magadi, mshenga huyu hukaribia platini. Penye asidi huchakaa upesi. Haidrojeni nayo haiokotwi. Kwa hiyo mtu akikuletea sokoni “mtambo wa chupa”, shika fedha yako.

Wala asichome mtu plastiki uani akidhani atapata kaboni hiyo. Moshi ule ni sumu, na watoto ndio huzunguka moto. Nanyi akina mama, msiwashie jiko kwa plastiki. Nyasi kavu zatosha.