Neno la Mhariri: Picha Inayojua Zaidi ya Maneno

Kumsomea mtoto mmoja aliyekalia paja la mamake ni kazi moja. Kulisomea darasa zima ni nyingine. Katika madarasa ya mtaa wa Mbotela, kama kwingi Eastlands jijini Nairobi, mwalimu husimama mbele ya watoto wengi akiwa na nakala moja tu ya kitabu mkononi. Aliyeketi dawati la mwisho asipoona kinachotendeka pichani, hadithi imempita. Kazi yake inabaki kusikiliza vicheko vya wenzake walioona.

Toleo hili linahusu namna ya kuchagua kitabu hicho kimoja. Mara nyingi tunanunua kwa kuuliza kina funzo gani, na maswali ya ufahamu ni mangapi. Maswali hayo yana mahali pake. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini Kenya kuanzia 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya kujifunzia kusoma Kiswahili na Kiingereza, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kutamani kusoma ni jingine. Kwa hili la pili, nashikilia kwamba swali la kwanza liwe: je, picha zinajua jambo ambalo maneno hayasemi?

Chukua Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Handa, msichana wa Kijaluo, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba katika kikapu alichojitwika. Maneno yanatueleza tu anavyojiuliza Akeyo atapenda tunda lipi. Wanyama wanaoyaiba, kuanzia tumbili na ndizi yake, wamo pichani tu. Watoto wanajua, Handa hajui, na hakuna anayeweza kunyamaza. Wanamwonya, wanabashiri mwizi anayefuata, wanabishana kuhusu matunda yaliyobaki. Ufahamu wote tunaoutafuta kwa maswali umekwisha kujitokeza wenyewe. Wakimwonya kwa Sheng, lugha yao ya mtaani, mwalimu asiwakatize. Awajibu kwa Kiswahili kizuri, kisha afungue ukurasa unaofuata.

Basi kabla ya kununua, mwalimu ampe mwenzake kitabu akishike ubaoni, naye aende nyuma ya darasa akitazame kutoka huko. Kisha akisome kwa sauti. Sentensi inayomkata pumzi yeye itawachosha na watoto.

Ukosefu wa pesa si kikwazo kila mara. Tangu 2014, mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa bure hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, kwa leseni inayoruhusu kuzichapisha. Zichapishwe kwa karatasi kubwa, na zichaguliwe kwa makini, maana si kila picha huongeza kitu kwenye maneno. Maktaba za Makadara na Kaloleni, zilizofufuliwa na shirika la Book Bunk, haziko mbali na Mbotela. Darasa linaweza kupelekwa huko likasomewe.

Lakini kuna deni ambalo mwalimu hawezi kulilipa peke yake. Njiani kwa Handa kuna twiga na mbuni. Njiani kwa mtoto wa Mbotela kuna mitungi ya maji, nguo zilizoanikwa kati ya nyumba, wauza nyama wa soko la Burma na matatu za Jogoo Road. Anastahili safari zote mbili: ya kumpeleka asikokujua, na ya kumwonyesha kwamba kwao pia panafaa kuchorwa. Mtaa wa mjini usiingie vitabuni kwa ajili ya kuonya tu kuhusu takataka na wageni wabaya. Uingie na vituko vyake, siri zake na ucheshi wake.

Kwa wachapishaji wetu, basi, ombi ni hili: mpeni mchoraji nafasi sawa na mwandishi tangu siku ya kwanza ya kazi. Wawili hao wakipanga pamoja kipi kisemwe na kipi kionekane tu, watoto wetu watapata vitabu vya kubishania.