"Uchunguzi Unaendelea" Si Jibu, Mheshimiwa Waziri



Vijana wenzangu wa Kikoneni, Lunga Lunga, Msambweni mpaka Diani, hebu tuongee ukweli leo.

Tangu 2023 mawaziri wanaingia bungeni wenyewe kujibu maswali. Kabla ya hapo walikuwa wakiitwa kwenye kamati tu, maana Katiba ya 2010 inasema waziri hawezi kuwa mbunge. Mabunge yote mawili yakabadilisha kanuni, na sasa video zinatufikia kwenye simu. Waziri amesimama, mbunge anafoka, spika anatuliza watu, na sisi huku kwenye steji ya bodaboda tunacheka na kusambaza. Swali langu ni moja tu: ni jibu gani kati ya hayo lililowahi kumrudisha kijana wa Pwani kwao?

Ukisikiliza majibu ya usalama utayajua kwa kichwa. Uchunguzi unaendelea. Faili liko kwa mkurugenzi wa mashtaka. Hatuwezi kusema zaidi tusije tukaharibu kesi. Kisha spika anasema swali linalofuata, na mheshimiwa aliyeuliza anakaa chini ameridhika, manake klipu yake ishapatikana.

Desemba 2016 Haki Africa walitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa, waliofia mikononi mwa polisi au waliopotezwa tangu 2012. Visa 81, na huo ulikuwa ni ule mwaka walioishia kuhesabu. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012 mchana kweupe. Makaburi alipigwa risasi Aprili 2014 akitoka kortini Shanzu. Iwe ulikubaliana na maneno yao au hukukubaliana, mtu mwenye kesi hukumu yake inatoka kwa jaji, haitoki kwenye bunduki ya mtu asiyejulikana. Tangu siku hizo mawaziri wa usalama wamebadilika mara ngapi? Jibu limebaki lile lile.

Sasa wengine watasema, hayo ni ya zamani, tusonge mbele. Ndugu yangu, mwenye mtu aliyepotea hana zamani. Mke hajui akae eda au asubiri mume. Kwa Kadhi mirathi haigawiki, maana hakuna maiti wala cheti cha kifo. Shamba la minazi limekaa, watoto wanakua, na ndugu wa marehemu, kama ni marehemu, wanaanza kugombana. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba anahesabiwa amekufa. Yaani serikali inayoulizwa "mko naye?" inakaa kimya miaka saba, halafu kile kimya chake ndicho kinakuwa cheti. Hiyo ndiyo bei ya "uchunguzi unaendelea". Anayeilipa ni mama mmoja huko kijijini, si waziri.

Tuje kwa mambo ya nje. Kuna watu wanadhani hiyo ni habari ya mabalozi na suti. Sisi wa mpakani tunajua vingine. Mdigo ana shangazi Tanga na binamu Vanga, na huo mpaka umepita katikati ya familia zetu. Mei 2025 Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam, alikokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Alikuja kuachwa wapi? Ukunda, hapa hapa kwetu. Mambo ya nje yalitupwa mlangoni petu usiku usiku.

Na si mara ya kwanza mlango huu kutumika. Januari na Februari 2007 ndege zilitoka Nairobi zikiwa na zaidi ya watu 80, wakapelekwa Somalia bila kesi, na wengi wao wakaishia jela za Ethiopia. Walikuwemo Wakenya, walikuwemo wanawake na watoto. Mwezi huo huo wa Februari kuna Mkenya alikamatwa Mombasa, Machi akawa Guantánamo. Alirudishwa Desemba 2024. Miaka 17, na hakuwahi kushtakiwa. Sasa sikiliza hii: tarehe 6 Februari 2007, katikati ya msimu huo wa ndege, Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kulinda watu wasipotezwe kwa nguvu. Sahihi ikatiwa, lakini kuuridhia mkataba wenyewe mpaka leo hatujauridhia.

Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Uturuki walichukuliwa Nairobi, na wizara yenyewe ya mambo ya nje ikakubali kwamba wamerudishwa kwao. Mwezi uliofuata Kizza Besigye alitekwa Nairobi, akaonekana Kampala akiwa mbele ya korti ya kijeshi. Kwa hivyo msituambie uhalifu ni swali la waziri mmoja na mambo ya nje ni la mwingine. Mtu akitekwa hapa na kuvushwa mpaka, mawaziri wawili wanarushiana swali kama mpira, na mtu anapotelea hapo katikati.

Najua jibu linalokuja: "Nyinyi mnatetea magaidi." Hapana. Hapa Kwale wazee wa nyumba kumi waliuawa, na vijana waliorudi kutoka Somalia wakiamini msamaha wa serikali wa 2015 nao wakauawa. Wote hao wana familia, na sisi tunauliza kuhusu wote. Al-Shabaab waliua watu 148 kule Garissa, na hakuna Muislamu mwenye akili anayefurahia. Lakini ukimuua mshukiwa umeua na ushahidi wake. Hutajua nani alimtuma, nani alimpa pesa, nani atafuata. Dini yetu imetutaka tusimame na uadilifu hata ukituuma sisi wenyewe. Hilo ndilo tunaloitaka serikali nayo ifanye.

Sasa lawama nyingine ziende kwa wabunge wetu wa Pwani, na zitufikie na sisi pia. Swali bovu huzaa jibu bovu. Ukimuuliza waziri "serikali inafanya nini kuhusu usalama Kwale?" umempa dakika kumi za kujisifu. Muulize hivi: fulani alichukuliwa tarehe hii, taarifa iko OB namba hii, kituo hiki. Alifikishwa korti gani ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 kinavyotaka? Ofisa gani alikuwa zamu? Sheria ya Korona ilipitishwa 2017, mbona miaka imepita ofisi haijaanza kazi? Mkataba wa 2007 utaletwa bungeni lini, tarehe gani? Swali la namna hiyo halijibiki kwa hotuba.

Na sisi tusikae kungoja klipu. Fanyeni haya:

Kwanza, mtu akichukuliwa, nendeni kituoni siku hiyo hiyo na mhakikishe imeandikwa kwenye OB. Chukueni namba. Bila namba, hata mbunge mzuri hana cha kushika.

Pili, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Andikeni barua, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Tatu, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Si lazima uwe wakili. Wazee wa msikiti, akina mama na vijana wa wadi ya Pongwe/Kikoneni wanaweza kutia sahihi karatasi moja.

Nne, mbunge akija kwenye maulidi au harambee, mwulizeni mbele za watu: swali letu uliliwasilisha lini, na ulijibiwa nini? Akisema uchunguzi unaendelea, mwambieni Katiba inaruhusu robo ya wabunge kuanzisha hoja ya kumng'oa waziri. Amewahi hata kutafuta sahihi ya kwanza?

Waziri hatujibu kwa hisani, analipwa kutujibu. Na kila Jumatano anayoondoka pale bungeni bila kutaja jina, tarehe na kituo, kuna mwanamke Kwale ambaye bado hajui kama ni mke au ni mjane.

Allahu Musta'an. Sambaza ujumbe huu kwa group ya msikiti wenu.