Ariwara: Mchezo mzuri wa simu utaujua siku unaposhindwa

"Mjomba, mchezo huu ni wa bure." Hivyo ndivyo mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Ariwara, alivyonijibu nilipomuuliza mega zimeenda wapi. Nilikuwa nimemnunulia forfe ya wiki nzima ili afuate masomo yake kwenye simu. Siku ya pili ilikuwa imekwisha. Hakupakua filamu, hakutuma video. Alikuwa akicheza tu.

Nilichukua ile simu nikakaa nayo jioni kwenye kibanda cha kuchajia, nikaucheza mwenyewe. Ni mchezo wa kulinda minara. Kuna njia, maadui wanakuja kwa makundi, na wewe unajenga minara kando ya njia ili wasifike mwisho. Kila adui akianguka unapata pesa ya mchezo, na kwa pesa hiyo unajenga mnara mwingine au unaupa nguvu ule wa zamani. Mwanzo nilishinda bila shida. Hatua ya sita nilishindwa. Papo hapo skrini ikaniambia: tazama tangazo upate uhai mwingine. Nikatazama. Nikashindwa tena. Tangazo lingine. Nilipofika la saba niliacha kuhesabu, na moto wa simu ulikuwa umeshuka hadi karibu na kuzima.

Ndugu msomaji, sisemi haya ili kupiga vita michezo ya simu. Wazazi wengi hapa wanasema yote ni upuuzi, ifutwe yote. Vijana nao wanasema yote ni burudani, waachwe wapumzike. Mimi naona pande zote mbili zinakosea kwa sababu hazipimi. Sokoni kwetu hakuna mama anayenunua maharagwe bila kuyashika mkononi. Kwa nini mchezo unaokula mega, moto na saa za mtoto uingie nyumbani bila kupimwa?

Kipimo cha kwanza ni hiki: mchezo unafanya nini mtu anaposhindwa?

Watazame wazee wanaocheza dama kwa vifuniko vya chupa chini ya mti. Aliyeshindwa anainama, anatazama ubao, anasema: "Pale nilikosea." Hakuna anayekuja kumuuzia kifuniko cha ziada ili aendelee. Anapanga upya na kuanza tena, na mara ya pili anacheza vizuri zaidi. Mchezo wa minara uliotengenezwa vizuri ni ndugu wa dama. Ule mbaya ni ndugu wa kamari.

Chukueni mfano wa Kingdom Rush, uliotoka mwaka 2011. Umetengenezwa na Ironhide, kampuni ya Uruguay, nchi ndogo ya Amerika Kusini ambayo watu wake hawafiki milioni 4. Minara yake ni ya aina nne tu: ya wapiga mishale, ya askari wanaozuia njia, ya wachawi na ya mizinga. Mishale ni ya haraka lakini haimwangushi kwa urahisi adui aliyevaa chuma. Huyo anatakiwa mchawi. Askari wanamzuia anayetembea chini, ila anayeruka anapita juu yao, na mzinga nao haumfikii. Kabla kundi halijaja, alama iliyo kando ya njia inakuonyesha ni maadui gani wako karibu kutokea. Kwa hiyo ukijaza mizinga kila mahali halafu wakaja wenye mabawa, utashindwa, na utajua kwa nini. Ulionywa, hukusikia. Huko ndiko kushindwa kwa haki.

Bloons TD 6, wa kampuni ya Ninja Kiwi ya New Zealand, uliotoka mwaka 2018, unafanya vilevile kwa nyani wanaopasua mapulizo. Kuna mapulizo ya risasi ambayo vishale vya kawaida haviyatoboi, lazima uwe na silaha nyingine, kwa mfano mabomu. Kuna mengine yaliyojificha, ambayo nyani wengi hawayaoni. Mchezaji anajifunza kuuliza: kinachokuja ni nini, nina nini mkononi, nitumie wapi kidogo nilicho nacho? Mfanyabiashara yeyote wa Ariwara anayepanga mzigo wake kati ya Arua na hapa, huku akihesabu franka, dola na shilingi za Uganda, anayajua maswali hayo.

Kipimo cha pili: nani anashinda, mwenye akili au mwenye mfuko? Hapo kuna historia ya kutufundisha. Plants vs. Zombies ya kwanza ilitoka mwaka 2009. Ulikuwa unanunua mchezo mara moja, na mimea yote ya kulinda bustani ulikuwa unaipata ndani kwa kucheza. Ya pili ilikuja mwaka 2013, ikatolewa bure. Lakini baadhi ya mimea iliwekewa bei ya pesa za kweli. Neno "bure" liliingia, na duka likaingia pamoja nalo. Tangu hapo michezo mingi imefuata njia hiyo, na mingine imekwenda mbali zaidi: hatua inafanywa ngumu kupita kiasi makusudi, si ili ufikiri bali ili uchoke na kulipa.

Mtu atasema: hapa kwetu vijana hawana kadi ya benki, kwa hiyo hawalipi. Wanalipa, tena kila siku. Tangazo la video linakula mega. Skrini inayowaka saa nzima inakula moto, na kuchaji simu kibandani si bure. Kijana wa mji wenye umeme na intaneti ya nyumbani anapoteza muda wake tu. Kijana wa Ariwara anapoteza muda, mega na moto. Kwa hiyo mchezo uleule ambao huko unaitwa wa bure, huku una bei, na anayeilipa mara nyingi ni mama aliyeuza mihogo. Ndiyo maana hatuwezi kutegemea nyota ambazo watu wa mbali wameupa mchezo. Hawapimi kwa mizani yetu.

Nasema wazi pia kwamba kulipia mchezo peke yake si ushahidi wa ubora. Hata Bloons TD 6, ambao unanunuliwa, bado una duka ndani yake. Tofauti ni kwamba mchezaji mwenye subira anaweza kuendelea bila kuligusa duka hilo. Pale ambapo duka ni mlango wa pembeni, sawa. Pale ambapo ni mlango pekee, toka.

Kipimo cha tatu ni rahisi, kila mzazi anaweza kukifanya leo: zima data, halafu fungua mchezo. Ukifunguka na kuchezeka, vizuri. Ukikataa kuanza hata hatua ya kwanza ambayo mtoto anaicheza peke yake, jiulize unataka mtandao wa nini. Mara nyingi jibu ni matangazo. Kipimo hiki kina maana zaidi kwetu sisi tuishio mpakani, ambapo mtu anabeba laini mbili, ya Kongo na ya Uganda, na bado kuna siku hakuna hata moja inayoshika vizuri.

Kipimo cha nne: mchezo unakuruhusu uondoke? Mzuri una hatua inayoisha. Unacheza, unamaliza, unaweka simu chini, kesho utaukuta pale ulipouacha. Mbaya unakuita: rudi baada ya saa nne mnara wako utakuwa tayari, usipoingia leo utapoteza zawadi. Huo haukupumzishi. Umekuajiri bila mshahara.

Najua kuna swali zito zaidi. Wengine wananiuliza: katika jimbo la Ituri, lililo chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, ambapo watu wa Djugu na Irumu wamekimbia makwao, kwa nini watoto wacheze vita? Swali ni la haki, na sitalipita mbio. Jibu langu ni kwamba michezo hii kwa kawaida inampa mtoto kazi ya kulinda na kupanga, na Kingdom Rush au Bloons ni katuni tu. Hata hivyo kuna kitu haioneshi: watu waliokuwa wanaishi kando ya njia ile. Kwenye skrini, njia ni ya adui peke yake. Sisi tunajua kwamba barabarani hupita pia mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Aliyeliona hilo hakutoka mbali na hapa. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Ili kuichaji alitembea karibu saa tatu. Akajifundisha mwenyewe kutengeneza michezo, akatengeneza Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia kutafuta amani, na anahitaji maji, chakula na dawa ili aendelee. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye tuzo za kimataifa za The Game Awards. Wakimbizi wa Sudan Kusini wako hata hapa katika eneo letu la Aru. Kwa hiyo vijana wetu wasiambiwe kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu. Lakini atakayetengeneza mchezo mzuri kesho ni yule anayejifunza leo kutofautisha mzuri na mbaya.

Wenye vibanda vya kuchajia na kutia muziki na michezo kwenye simu, mnao wajibu pia. Nyinyi ndio duka letu. Mnapomtilia mtoto mchezo, mwambieni ukweli kama unakula mega. Na nakala za wizi za michezo inayouzwa, ambazo mara nyingine huja na virusi, ziacheni.

Wazazi, sina ombi kubwa. Kabla hujamnyang'anya mtoto simu, kaa naye mpaka ashindwe, halafu umuulize: "Umekosea wapi?" Akikujibu kwamba alijenga minara mbali mno na kona, au aliharakisha kutumia pesa yote mwanzoni, mwekee saa zake na umwache acheze. Huyo anafikiri.

Mtoto wa dada yangu nilimuuliza swali hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sijakosea, mjomba. Ni tangazo halikufunguka." Tuliufuta ule mchezo pamoja, jioni ileile.