Kijana asome boksi kabla ya kujipaka

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali huingia kidato cha kwanza akiwa na miaka 13 au 14, na ghafla karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Umri huohuo ndio wa balehe. Homoni zinaamsha tezi za mafuta, vitundu vya ngozi vinaziba, bakteria waliokuwa wakiishi hapo siku zote wanapata mahali pa kuzaliana, na chunusi zinatoka. Darasani atafundishwa Kiingereza cha kuandika barua ya kuomba kazi. Kiingereza kilichoandikwa kwenye tyubu anayojipaka usoni kila usiku hafundishwi na mtu.

Pengo hilo linapaswa kuzibwa, na halihitaji fedha nyingi. Kwa daktari au kwenye duka la dawa muhimu kijana ataeleza shida yake kwa Kiswahili na ataeleweka. Lakini jina la dawa, onyo lake, kiasi cha kupaka na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi mara nyingi ni Kiingereza kitupu. Akishafika nyumbani hana wa kumuuliza.

Takwimu inayotajwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi, nyingi au chache. Kwenye ngozi nyeusi shida haiishii chunusi inapokauka, kwa sababu huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi. Mara nyingi doa hilo ndilo linalomsukuma msichana, na siku hizi hata mvulana, kutafuta mkorogo.

Hapo ndipo maneno machache tu ya Kiingereza yanaweza kumwokoa. Akiona "clobetasol" au "betamethasone", ajue ameshika steroidi. Dawa hizi zina kazi yake halali, kwa mfano kutuliza pumu ya ngozi, na clobetasol ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Huuzwa pia katika tyubu moja pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, na mnunuzi hudhani amepata tiba ya kila kitu. Zikipakwa kwenye uso wenye chunusi, uvimbe hushuka ndani ya siku chache na aliyeuza husifiwa. Matumizi yakiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaanza kuonekana, vipele vipya vinajaa. Akiacha, uso unawaka na kuharibika kuliko mwanzo, naye anarudi dukani kununua tyubu nyingine. Ni mtego mbaya sana kwa mtoto wa miaka 15.

Neno jingine ni "hydroquinone". Hupausha ngozi, na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wenye rangi ya bluu ambao ni vigumu mno kuuondoa. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. La tatu ni "mercury", yaani zebaki, ambayo huharibu figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo bidhaa hizo bado hukamatwa madukani na mipakani, maana yake zipo na zina wanunuzi.

Kijana anahitaji vilevile kuyajua majina ya dawa zinazofaa. "Benzoyl peroxide" hupunguza bakteria wa chunusi, na pia huchujua rangi ya taulo na foronya, jambo ambalo mama mwenye nyumba angependa kuambiwa mapema. "Salicylic acid" husaidia kuzibua vitundu vilivyoziba. "Adapalene" huzuia visizibe tena, ingawa wiki za mwanzo ngozi huwasha na kubanduka. Zote hutaka subira ya wiki 6 hadi 12. Asiyeweza kusoma maelezo hayo huitupa tyubu wiki ya pili, akiamini ameuziwa dawa feki.

Kuna pia neno dogo "itching", kuwashwa. Chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko kuwasha. Vipele vidogo vinavyofanana, vinavyowasha kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, huenda vikawa vya fangasi, na tiba yake ni nyingine. Wataalamu wa kuvitofautisha tunao: chuo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Ila hawatoshi kufika kila wilaya.

Wapo watakaosema dawa ni maboksi kuandikwa Kiswahili. Wana haki, na serikali ingefaa kuwabana waagizaji. Lakini bidhaa zilizopo sokoni leo ni za Kiingereza, na makovu hayasubiri kanuni mpya. Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha pili anaweza kuwaomba wanafunzi walete maboksi matupu kutoka nyumbani, wayasome pamoja sentensi kwa sentensi: paka kidogo, usipake karibu na macho, acha kutumia ngozi ikivimba. Mwalimu wa bayolojia akikaa naye kipindi kimoja, wanafunzi watakuwa wamesoma masomo mawili kwa mpigo.

Kipindi hicho kisimalizike bila kugusa vidonge vya "isotretinoin", ambavyo daktari huandika kwa chunusi kali zilizoshindikana. Vinafanya kazi vizuri, lakini vikimezwa na mjamzito vinaweza kumletea mtoto aliye tumboni ulemavu mkubwa. Onyo hilo huandikwa kwenye boksi, na msichana aliyegawiwa vidonge na rafiki yake bwenini anatakiwa aweze kulisoma kabla ya kumeza cha kwanza.